Dizeli au petroli? Kisa cha mnunuzi mmoja na Prado mbili za 2016

Mnunuzi wa kisa hiki ni mama wa watoto watatu, mfanyakazi wa ofisini. Aliuza gari dogo, akatenga fedha za kununua SUV kubwa iliyotumika: siti saba, otomatiki, ya kukaa nayo kama miaka mitano. Baada ya kuchuja sana alibaki na magari mawili, yote Toyota Land Cruiser Prado 150 za mwaka 2016. Moja lilikuwa la dizeli, lita 2.8 yenye tabo, injini ya 1GD-FTV, saa ikisoma kilomita 118,000. Jingine la petroli, V6 ya lita 4.0, injini ya 1GR-FE, kilomita 96,000. Bodi ileile, chesi ileile, giaboksi ya gia sita kwa yote mawili. Kilichotofautiana ni injini na bei, na la dizeli ndilo lililokuwa ghali.

Shemeji yake alikwisha kumwamulia. "Shemeji, hapo hakuna mjadala, chukua dizeli. Inakula kidogo, inavuta, na siku ukitaka kuuza haikai." Hoja zote tatu zina ukweli ndani yake, ndiyo maana niliona kisa hiki kistahili kuandikwa chote. Ushauri wa shemeji ndio ambao karibu kila mtu angempa, na kwa mtu mwingine ungekuwa sahihi kabisa. Kwa mama huyu haukuwa, na sababu hazikuwa pale watu wanapozitafuta.

Wiki ya kawaida

Kabla ya kufungua boneti yoyote nilimwomba aandike gari lake linakwenda wapi katika wiki ya kawaida. Nyumbani hadi shuleni ni kilomita 4. Shuleni hadi kazini ni 7. Jioni anarudi kwa njia hiyohiyo, na asubuhi na jioni kuna foleni. Wikendi ni soko, ibada na kutembelea ndugu. Kwa mwaka hizo zinafika kama kilomita 8,000. Juu yake kuna safari ndefu chache, wakati wa likizo hasa, kama kilomita 4,000, nyingine akivuta trela dogo la mizigo. Jumla ni 12,000.

Karatasi hiyo ilikuwa na uzito kuliko kitu kingine chochote tulichokiona baadaye. Itazame kwa macho ya injini: inawashwa baridi, inakwenda kilomita 4 kwa kusimamasimama, inazimwa au kuachwa ikinguruma mbele ya lango la shule, inakwenda 7 nyingine, inazimwa mpaka jioni. Injini ya petroli haipendi maisha hayo, lakini inayavumilia. Dizeli ya kisasa inaumizwa nayo.

Sababu ni za kimaumbile. Dizeli haina plagi za kuwasha mafuta. Hewa inabanwa mpaka inapata joto la kuyalipua yenyewe. Kwenye 1GD-FTV hewa inabanwa mara 15.6, wakati 1GR-FE inabana mara 10.4 tu. Kubana huko ni sehemu kubwa ya ubora wa dizeli: sehemu kubwa zaidi ya mafuta inakuwa kazi, sehemu ndogo inapotea kama joto. Pia haiongozwi kwa kilango cha kubania hewa inayoingia kama petroli, kwa hiyo haipotezi nguvu ikipumua kwa shida kwenye mwendo mdogo. Na lita ya dizeli yenyewe imebeba nishati zaidi ya lita ya petroli, kwa asilimia 10 hivi na zaidi kidogo.

Lakini joto lisilopotea ni joto ambalo halipo. Injini inachelewa kupata moto, na moshi wake unatoka ukiwa na joto la chini. Hapo ndipo linapoingia suala la kichujio cha masizi, ambacho mafundi hukiita DPF. Kinakusanya masizi, kisha inabidi kiyachome. Ili yachomeke, ndani ya kichujio pafike nyuzi joto 550 hadi 600 za Selsiasi, na hali hiyo idumu dakika kadhaa, kwa kawaida gari likiwa mwendoni. Safari ya kilomita 4 kwenye foleni haifiki huko. Gari linaanza kuchoma, linazimwa, kesho linaanza upya, linazimwa tena. Masizi yanaongezeka, mgandamizo kwenye ekzosi unapanda, ulaji wa mafuta unapanda, mwishowe taa inawaka kwenye dashibodi na nguvu inapungua. Tena kuna majivu, mabaki ya oili hasa, ambayo hayachomeki kamwe, kwa hiyo hata kichujio kilichotunzwa vizuri kina mwisho wake.

Si kila Prado ya 2.8 ina kichujio hiki. Inategemea soko ambalo gari lilitengenezewa, na njia ya uhakika ni kuingia chini na kuangalia, au kufuatilia namba ya chesi. Hili la mama lilikuwa nacho.

Kuna jambo jingine kuhusu injini hii ambalo mnunuzi yeyote wa dizeli ya miaka hiyo anapaswa kulijua. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa nchini humo kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, zaidi ya 260,000, zilikuwa na kasoro katika mfumo wa kichujio cha masizi. Dalili ni moshi mweupe wenye harufu kali, taa za tahadhari, na mafuta kuongezeka kuliwa. Cha kuzingatia ni kwamba kasoro hiyo ilihusishwa na mwendo wa barabara kuu, ule wa karibu kilomita 100 kwa saa mfululizo. Kwa hiyo anayesema "lipe safari ndefu litajisafisha" anasema kweli kwa dizeli nyingi, ila kwa gari la umri huu safari ndefu haitoshi. Unataka kuona karatasi inayoonyesha kwamba marekebisho ya mfumo huo yalifanyika. Muuzaji wa gari hili hakuwa nayo.

Hesabu kwa lita

Shemeji alipoona maelezo ya kichujio hayamgusi sana, alirudi kwenye mafuta. Alikuwa na haki. Watu wengi wanaingia kwenye dizeli kwa ajili ya pampu ya mafuta, na hesabu hiyo lazima ifanyike, tena ifanyike kwa safari za mwenye gari, si kwa takwimu za kwenye karatasi ya kiwandani.

Njia ninayoipenda ni kugeuza kila kitu kuwa lita. Bei za mafuta hupanda na kushuka, bei za vipuri hutofautiana, lakini ukigawanya kila gharama kwa bei ya lita moja unapojazia, unapata kipimo kimoja cha kulinganishia. Mahali anapojazia mama huyu, lita ya dizeli na ya petroli zilikuwa karibu bei moja. Zingetofautiana sana ningerekebisha kwanza.

Tulikadiria dizeli ingekula lita 12.5 kwa kila kilomita 100 za mjini na lita 9 za safari ndefu. Petroli tuliiwekea lita 17 mjini na 12 safarini. Ni makadirio ya ukali kidogo, juu ya yale ya kiwandani, kwa sababu foleni ya shule haimo kwenye vipimo vya kiwandani. Kwa mwaka, dizeli: lita 1,000 mjini na 360 safarini, jumla 1,360. Petroli: 1,360 mjini na 480 safarini, jumla 1,840. Tofauti ni lita 480 kwa mwaka.

Sasa tofauti ya bei ya kununulia. Ukiigawa kwa bei ya lita, ilikuwa lita 2,900. Yaani angeendesha gari la dizeli miaka 6 kabla ya mafuta kurudisha alichoongeza siku ya kununua, na yeye alipanga kukaa nalo mitano.

Shemeji akasema, na hapa alisema jambo la maana: "Hiyo ziada haipotei. Akiuza, dizeli itamrudishia." Kweli, SUV kubwa za dizeli kwa kawaida hushika bei vizuri zaidi. Basi tukampa shemeji nusu: tuseme nusu ya ile ziada inarudi siku ya kuuza. Zinabaki lita 1,450, na kwa akiba ya lita 480 kwa mwaka zinarudi kwa miaka 3. Hapo dizeli inaanza kupendeza, miaka miwili ya mwisho ni faida tupu, karibu lita 960.

Ndipo tulipoweka vipuri mezani. Fundi alitoa makadirio ya vitu viwili tu kwa gari la dizeli la umri ule. Seti ya nozeli nne mpya, zile zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini, na kazi ya kuzifunga: kama lita 1,300. Kichujio kipya cha masizi: kama lita 1,900. Haikumaanisha kwamba lazima vife. Ilimaanisha kwamba kimoja kikifa mara moja ndani ya miaka mitano, faida yote ya mafuta imekwenda na mfukoni panahitajika zaidi. Gari la petroli lina magonjwa yake, lakini 1GR-FE inanyunyiza mafuta kwa mgandamizo mdogo kabla ya vali. Haina tabo wala kichujio cha masizi, na haina pampu ya mgandamizo mkubwa. Mfumo wa mafuta wa dizeli ya kisasa unafanya kazi kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 1,000, na matundu ya nozeli zake ni membamba kiasi kwamba maji kidogo au uchafu kwenye mafuta unatosha kuziharibu. Anayenunua dizeli ya namna hii ananunua pia ubora wa mafuta atakayoyapata kila siku, na nidhamu ya kumwaga maji kwenye chujio la mafuta na kulibadilisha kwa wakati.

Nilifanya hesabu hiyohiyo kwa safari za shemeji mwenyewe, ili asione kwamba ninaipiga vita dizeli. Yeye kazi yake ni ya barabarani, kilomita 30,000 kwa mwaka, 25,000 kati yake za safari ndefu. Kwa dizeli ni lita 2,875, kwa petroli 3,850. Tofauti ni lita 975 kila mwaka. Hata bila kuhesabu kitakachorudi akiuza, ile ziada ya lita 2,900 inarudi ndani ya miaka 3, na injini inaishi maisha inayoyapenda. Kwa shemeji jibu ni dizeli, ilimradi gari lenyewe liwe zima na lile rekebisho liwe limefanyika. Mimi mwenyewe ningemshauri hivyo bila kusita.

Na kuvuta? Prado ya 2.8 otomatiki ina nguvu ya kuzungusha ya Nm 450 kuanzia mizunguko 1,600 hadi 2,400 kwa dakika. V6 ina Nm 381, lakini inazifikia kwenye mizunguko 4,400. Ukiwa na trela kwenye mlima mrefu tofauti hiyo unaisikia: dizeli inapanda kwa utulivu, V6 inashusha gia na kupiga kelele. Lakini V6 ina zaidi ya kilowati 200 dhidi ya 130 za dizeli, na trela la mizigo ya likizo mara chache kwa mwaka ni kazi ndogo kwake. Anayevuta mzigo mzito kila wiki yuko kwenye hesabu nyingine.

Siku ya ukaguzi

Hesabu ilikuwa imeelekea petroli, lakini kilichofunga mjadala ni magari yenyewe. Hesabu inazungumzia magari ya wastani, na mtu hanunui gari la wastani. Ananunua lile lililosimama mbele yake.

Tuliomba kwa kila muuzaji jambo moja mapema: tukifika tuikute injini baridi. La dizeli tulilikuta boneti ina uvuguvugu. Muuzaji alisema alilisogeza tu uani. Dizeli yenye nozeli zilizochoka au plagi za joto zilizokufa (hizi hupasha injini baridi tu, haziwashi mafuta) huonyesha ugonjwa wake kwenye mwasho wa kwanza wa asubuhi, kwa kutetemeka, kugonga na moshi, na ikishapata moto inatulia kama haina neno. Sikusema muuzaji anaficha kitu. Nilimwomba turudi kesho yake alfajiri, akakubali, na liliwaka vizuri. Nalisema kwa sababu ni haki ya gari hilo: injini yenyewe ilisikika nzuri.

Tatizo lilikuwa nyuma. Fundi aliingiza kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa ekzosi, akakizungusha, kikatoka na masizi meusi mazito. Kichujio kizima huacha mdomo wa ekzosi karibu safi hata baada ya kilomita nyingi. Masizi pale yana maana kichujio kimepasuka, au kimetobolewa ndani na kufungwa tena kionekane kipo. Kisha akaunganisha kompyuta. Kumbukumbu zilionyesha mfumo unajaribu kuchoma masizi kila baada ya kilomita 90 hivi. Fundi alitarajia angalau mara mbili ya umbali huo. Kichujio kilichotobolewa kisingekuwa na cha kuchoma mara nyingi hivyo, akasema, kwa hiyo yeye anadhani kipo ila kimepata ufa, na kinajaa upesi kwa sababu sehemu yake imekwisha kuziba majivu. Tuliporudi kutoka barabarani na kusimama, moshi mweupe ulitoka kwa muda mfupi, wenye harufu inayochoma pua.

Muuzaji alikuwa na suluhisho tayari: kukitoa kichujio kabisa na kubadilisha programu ya injini, "shida zote zinaisha". Katika nchi nyingi kufanya hivyo ni kosa, na gari linaweza kukataliwa kwenye ukaguzi. Lakini nilitaka mama alipime kwa jicho jingine pia. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kichujio kile ndicho kinachozuia sehemu kubwa ya masizi hayo. Gari hili lingesimama kila asubuhi likinguruma mbele ya lango la shule, watoto wakipita kwenye usawa wa ekzosi, wa kwake wakiwemo. Aliposikia hilo hakuhitaji maelezo zaidi, na mimi naamini wazazi wengi wanaokubali kichujio kitolewe hawajawahi kuambiwa kilikuwa kinafanya kazi gani.

La petroli nalo lilikuwa na dosari. Kulikuwa na ukoko wa waridi uliokauka chini ya pampu ya maji, alama ya kipoozeo kinachovuja polepole. Shokomzoba za mbele zilikuwa zimechoka, na oili ya giaboksi ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Kwenye mwasho baridi tulisikiliza cheni ya taimingi kwa makini, haikupiga kelele. Fundi alifungua plagi mbili alizoweza kuzifikia kwa urahisi, zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, sawa kwa sawa, hakuna oili. Rejeta haikuwa na mapovu injini ikiguruma, na kijiti cha oili hakikuwa na utando wowote wa rangi ya maziwa. Vitabu vya sevisi vilikuwepo, na tarehe zake zilifuatana na kilomita bila pengo la kutia shaka.

Chini, magari yote mawili yalikuwa sawa kwa mambo ambayo watu husahau wakibishana kuhusu injini: bushi, difu, shafti na mfumo wa kuingiza magurudumu yote. Kwenye la petroli tuliingiza gia nzito na kufunga difu ya kati mara kadhaa, kila kitu kikaitika. Gari kubwa lenye injini nzuri na chini kumechoka linaweza kumla mwenye nalo pesa nyingi kuliko nozeli.

Uamuzi

Alichukua la petroli. Dosari tatu alizozikuta alizipeleka kwa muuzaji zikiwa zimeandikwa pamoja na makadirio ya fundi, na bei ikashuka kwa kiasi kilichofidia pampu ya maji na shokomzoba, si oili ya giaboksi. Hiyo alilipa mwenyewe, akabadilisha na plagi zote na kipoozeo kabla gari halijaanza kazi ya kila siku.

Je, shemeji alikuwa na hoja inayoweza kugeuza uamuzi? Ndiyo, mbili. Kama ofisi ya mama ingehamia mbali, akawa anakwenda kilomita 40 za barabara wazi kila asubuhi, karatasi ya wiki ingebadilika na hesabu nayo. Na kama lile gari la dizeli lingekuwa la zamani zaidi, la mfumo rahisi usio na kichujio, suala la masizi kuziba lisingekuwepo, ingawa suala la moshi mbele ya shule lingebaki palepale, na kwangu lingekuwa zito zaidi. Kuna miji pia inayoyatoza magari ya dizeli kwa masharti makali kuliko ya petroli. London, kwa mfano, kwenye eneo lake la hewa safi inadai dizeli iwe ya kiwango cha Euro 6 na petroli Euro 4 tu (ni viwango vya Ulaya vya moshi wa magari, namba kubwa ndiyo kali zaidi). Anayeishi kwenye mji wa namna hiyo aanze na kiwango kilichoandikwa kwenye hati za gari, mengine baadaye.

Shemeji bado anatafuta dizeli yake. Ana orodha aliyoiandika mwenyewe baada ya siku ile ya kitambaa cheupe: injini baridi, karatasi ya rekebisho la kichujio, kumbukumbu za kompyuta, mdomo wa ekzosi, maji kwenye chujio la mafuta. Gari la kwanza alilolikagua kwa orodha hiyo amelikataa kwenye kipengele cha pili.